Mbuyu Aliyejikunyata Kwenye Kona

Asubuhi moja Kibera, kijana wa miaka 14 anayeitwa Abila anamkuta babake amejikunyata kwenye kona, anaweweseka. Ukitega sikio utasikia analalamikia kitu kimoja: ameibiwa roho. Si simu, si pesa za kodi ya nyumba. Roho.

Hapo ndipo inapoanzia Soul Boy, filamu ya Hawa Essuman iliyotoka mwaka 2010 kwa mswada wa Billy Kahora. Ina urefu wa saa moja hivi. Ukipanda 46 mjini saa kumi na mbili jioni, na mvua iwe imenyesha, itaisha kabla hujashuka Kawangware. Labda ndiyo maana watu huitaja kwa haraka, kama filamu ya mazoezi iliyotangulia zile kubwa. Mimi nimeitazama mara mbili, na katikati ya hizo mara mbili nilipoteza mambo kadhaa, kwa hiyo nataka kuizungumzia polepole.

Mara ya kwanza nilikuwa kidato cha pili. Enzi hizo duka la muvi lilikuwa kila kona ya mtaa, na kwa shilingi hamsini jamaa alikuchomea chochote ulichotaka. Nilitaka ya kivita. Nikapewa hii ndani ya diski moja na nyingine tatu, nikaitazama kwa sababu stima ilikuwepo na sikuwa na kazi. Niliipenda vile mtoto anavyopenda hekaya: kuna shujaa, kuna mchawi, kuna mitihani saba, kuna rafiki msichana mwenye akili kuliko shujaa mwenyewe. Babake Abila sikumkumbuka kabisa. Ungeniuliza wiki moja baadaye ningekuambia kuna mzee fulani mgonjwa, basi.

Mara ya pili ilikuwa mwaka huu, kwa laptopu, chumbani kwa mzee wangu Kawangware, usiku ambao hakuwa kazini. Safari hii nilimwona yule wa kwenye kona tu.

Kwanza hadithi yenyewe. Abila (ameigizwa na Samson Odhiambo) anataka kujua kilichompata babake. Kwa msaada wa Shiku (Leila Dayan Opollo), anagundua kwamba mzee hakuibiwa. Alicheza kamari, na alipokuwa na mwanamke mmoja asiye wa kawaida aliiweka roho yake rehani ikaenda. Kijana hataki kuamini. Anamtafuta huyo mwanamke hadi anampata. Jina lake ni Nyawawa, na masharti yake ni mitihani saba. Abila akiishinda, roho ya babake itarudi. Mitihani yenyewe imetungwa kama vitendawili. Mmoja unahusu mkosaji anayehitaji kusaidiwa bila kuhukumiwa. Mwingine unahusu deni la mtu mwingine. Kwa hiyo kijana anakimbia, na sisi tunakimbia naye.

Jina la Nyawawa halikuokotwa njiani. Kwa Wajaluo wa kandokando ya Ziwa, nyawawa ni pepo wanaopita usiku, na zikisikika sauti zao watu hutoka wakapiga sufuria, mabati na milango ili waende zao. Mtu yeyote aliyelelewa Kisumu au Homa Bay anaijua hiyo kelele. Kahora na Essuman wameigeuza mila hiyo juu chini. Kibera hakuna anayepiga sufuria. Mzee amemfuata pepo mwenyewe, kwa miguu yake, akaketi naye, akacheza. Hilo ni wazo zuri sana kuhusu mji, na filamu haisimami kulieleza. Kule nyumbani balaa linakuja na unalifukuza. Nairobi unapanga foleni kuliingia.

Kuna jambo la pili ambalo filamu hii inalifanya vizuri, nalo ni mahali. Miaka mitano kabla yake, The Constant Gardener ilipigwa Kibera pia, na ni filamu nzuri kwa njia yake, lakini ndani yake Kibera ni paa nyekundu za mabati zinazoonekana kutoka juu, na huzuni ya Mzungu inapita katikati. Katika Soul Boy Kibera ina njia. Abila anajua pa kukata kona, anajua nani ana deni kwa nani, anajua mlango upi usibishwe. Kamera inamfuata kimo chake, mara nyingi karibu na mgongo, na baada ya dakika kumi hivi wewe mtazamaji unaacha kuuona umaskini kama habari. Unaanza kuona mtaa. Wengi wa waigizaji ni watu wa huko huko, na inasikika. Wanazungumza Kiswahili cha Nairobi kilichochanganyika na Sheng na lugha za nyumbani, bila ile sauti ya redio ambayo imeharibu tamthilia zetu nyingi za runinga.

Na tukumbuke mwaka. Filamu ilitengenezwa Kibera ikiwa bado na makovu ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo kwa hesabu ya Tume ya Waki ziliua watu zaidi ya 1,100 nchini. Kibera ilichomeka. Njia ya reli iling'olewa. Majirani waligawanyika kwa majina yao ya ukoo. Kisha inakuja hadithi ambamo Abila, jina la Ziwa, hawezi kwenda popote bila Shiku, ambaye ni Wanjiku aliyefupishwa. Hakuna hotuba ya amani ninayoikumbuka iliyofanya kazi hiyo vizuri hivyo. Watoto wawili wanatembea pamoja kwenye vichochoro ambavyo watu wazima walivigawa. Nilipokuwa kidato cha pili nilidhani ni mapenzi tu. Sasa naona ni ujasiri wa mwandishi.

Watu husema, na wana haki, kwamba kuna mkono wa Kijerumani humu. Filamu ilitoka kwa One Fine Day Films, kampuni ya Marie Steinmann na Tom Tykwer, na Tykwer ndiye aliyekuwa msimamizi juu ya Essuman. Kutoka mpango huo huo ndipo baadaye zilipotoka Nairobi Half Life ya 2012, Something Necessary ya 2013, Kati Kati ya 2016 na Supa Modo ya 2018. Ukizipanga hizo mezani umepanga sehemu kubwa ya filamu zetu zilizosafiri nje katika mwongo huo, na swali la nani anashika mfuko wa pesa ni swali halali. Lakini mimi sioni haja ya kulijibu kwa hasira. Napenda kuangalia mkono huo umeshika nini hasa.

Mwaka 1998 Tykwer alitengeneza Lola rennt, ambamo msichana ana dakika 20 za kupata maki 100,000 ili mpenzi wake asiuawe. Anakimbia Berlin nzima. Mahali fulani hata anaingia kasino na kucheza ruleti. Sasa mtazame Abila: naye anakimbia, naye analipia kosa la mwanamume anayempenda, na kamari imo tena. Ukoo unaonekana. Tofauti ni kwamba Lola anakimbilia pesa, na pesa zina kiwango. Abila hakuambiwa bei. Anaambiwa vitendawili. Na hiyo, nadhani, ni ya Kahora, kwa sababu deni la Nairobi liko hivyo hasa. Unaambiwa ulete kidogo, unaleta, unaambiwa bado.

Wahenga wetu wanasema dawa ya deni ni kulipa. Sijawahi kuona filamu iliyolichukua neno hilo kwa uzito kama hii. Baba ni mgonjwa, anahitaji dawa, na dawa yenyewe ni malipo. Nani alipe? Asiyekopa.

Hapo ndipo nguvu ya Soul Boy ilipo, na hapo hapo ndipo kasoro yake.

Hebu tuangalie sehemu ya Karen. Shangazi wa Abila ni mfanyakazi wa nyumbani kwa familia ya Wazungu, na kijana anaingia naye kwenye ua ule. Ukitoka Kibera kwenda Karen si safari ndefu. Ni barabara ile ile ya Ngong inayoendelea magharibi, ila miti inaongezeka na watu wanapungua. Essuman haongezi chumvi. Anaacha nyasi zijionyeshe. Kijana anatazama vitu, na tunaona anavyojifunza papo hapo kwamba kuna watu ambao hawana shida ya roho kwa sababu kuna watu wengine wa kuwabebea. Shangazi katika nyumba ile ni mtu mwingine kabisa. Sauti inashuka, mgongo unapinda kidogo. Niliijua hiyo sauti. Mzee wangu ni soja, analinda geti moja Lavington, mahali ambapo kutoka kwetu unatembea kwa miguu. Nikiwa mdogo nilipelekwa huko siku moja ya likizo nikamsikia akimjibu mwenye nyumba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwetu. Usiku huo nilimwuliza mamangu kama baba alikuwa mgonjwa.

Kwa Sheng, baba anaitwa mbuyu. Mti mnene, wa miaka mingi, ambao watu kadhaa wakishikana mikono wanatatizika kuuzunguka. Ni sifa. Lakini ukishuka Pwani utaambiwa pia kwamba mbuyu una wenyewe, kwamba ndani yake mnakaa kitu, na mtu mwenye adabu hapiti chini yake usiku akipiga mluzi. Nafikiri mtoto yeyote ana siku yake ya kugundua kwamba mbuyu wake una shimo ndani. Ya kwangu ilikuwa pale getini. Ya Abila ni ile asubuhi ya kona.

Kasoro ninayoisema ni hii: filamu inajua kwamba mbuyu una shimo, lakini haitaki kuchungulia. Joab Ogolla anamwigiza baba kwa mwili wake vizuri. Mabega yake yanasema. Lakini kwa muda mwingi wa hadithi yeye ni mzigo unaosubiri kukombolewa, kama televisheni iliyowekwa kwa mkopeshaji. Tunajua alicheza kamari. Hatujui alikuwa anataka nini. Je, alikuwa anatafuta kodi? Karo? Alichoka tu kuhesabu? Kila mtu kwenye filamu hii ana la kusema juu ya roho yake isipokuwa yeye. Na kwa kuwa yeye hasemi, lawama inatelezea kwa mwanamke. Ni Nyawawa aliyechukua, ni Nyawawa mwenye giza, ni Nyawawa wa kutafutwa. Krysteen Savane anamwigiza kwa heshima na utisho, kwa hiyo haonekani kikaragosi. Bado, ukiondoa uchawi, kilichobaki ni hadithi ya zamani sana: mwanamume kapoteza, mwanamke kapewa jina la mwizi, mtoto kapewa kazi.

Ningeliandika hili hata kama lisingenihusu. Lakini linanihusu, na ni bora niseme.

Mwaka wangu wa tatu chuoni nilipewa karo ya muhula, shilingi elfu thelathini na nane. Mzee alizikopa kwenye chama chao cha masoja. Sikuzipeleka. Kulikuwa na duka moja la kubeti ghorofani, mtaa wa Tom Mboya, lenye viti vya plastiki na skrini nane, na mimi nilikuwa nimeshalizoea kuliko ukumbi wa mihadhara. Wengi walidhani ningeacha baada ya simu kufanya kila kitu kiwe rahisi zaidi. Simu ilifanya kila kitu kiwe rahisi zaidi. Wikendi ya kwanza nilishinda elfu kumi na moja. Wikendi ya tatu sikuwa na nauli. Nilikuwa na maelezo tayari kwa kila mechi: refa, penalti, dakika ya tisini na tatu. Mtu akinisikiliza angedhani niliibiwa.

Katika filamu ya 2010 ilibidi uende usiku kumtafuta Nyawawa. Ilibidi umpate. Sisi tuliokuja baadaye yeye ndiye anatutumia ujumbe, asubuhi kabla hata ya chai, kwa jina letu la kwanza.

Mzee alijua alipoulizia risiti ili akaionyeshe chama. Hakupiga kelele. Aliketi kitandani, akavua buti moja, akabaki amelishika. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kona. Baada ya hapo alichukua zamu za mchana juu ya zile za usiku, miezi saba, na deni likaisha. Chuo sikurudi. Sikuwahi kumwambia asante kwa maneno, na yeye hakuwahi kuniuliza kwa nini.

Kwa hiyo, ukiniuliza kuhusu ule mtihani wa deni la mtu mwingine, mimi namjua aliyeufanya. Ana miaka hamsini na tisa na ana matatizo ya goti.

Usiku tulioitazama pamoja sikuwa nimepanga chochote. Alikuwa nyumbani, stima ilikuwepo, nikamwambia, "Mzee, kuna filamu ya Kibera." Akasema sawa. Aliicheka ile Sheng. Alimpenda Shiku, akasema huyo msichana ataolewa na watu wa maana. Wakati wa Karen alinyamaza. Halafu, kama katikati hivi, baba wa Abila akiwa bado kwenye hali yake, aliuliza:

"Sasa mbona huyu mzee hakuna mtu anamuuliza?"

"Anamuuliza nini?"

"Alikuwa anatafuta nini huko."

Nikasema labda hawezi kujibu, si roho imeenda. Akasema, "Aulizwe tu. Hata kama hatajibu."

Tukaendelea kutazama. Sikuweza kumwangalia usoni.

Nimesoma maoni kadhaa ya wahakiki wa ndani na nje kuhusu Soul Boy. Ilishinda tuzo ya Dioraphte pale Rotterdam mwaka 2010, na ilistahili. Lakini uhakiki ule wa Kawangware ndio ulionifungulia filamu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya huruma na swali. Filamu inamhurumia baba mwanzo hadi mwisho. Haimuulizi.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hii ni hadithi ya mtoto, imetazamwa kwa macho ya mtoto, na mtoto wa miaka 14 hamuulizi babake maswali ya aina hiyo. Ni jibu zuri, na nusu yake nalikubali. Kwetu huwezi kumsimamia mzee ukamhoji. Lakini Abila ana ujasiri wa kusimama mbele ya pepo. Ana ujasiri wa kuingia Karen. Filamu inataka tuamini kwamba anaweza kufanya mambo saba yasiyowezekana, ila la nane, kukaa sakafuni kando ya babake na kusema "baba, ilikuwaje," hilo halikufikiriwa hata kama mtihani. Mimi naona ndilo lilikuwa gumu kuliko yote.

Na linawezekana kwenye skrini zetu. Mwaka 2020 Peter Murimi alitoa I Am Samuel, filamu ya hali halisi aliyoipiga kwa miaka mitano, kuhusu kijana wa mjengo hapa Nairobi anayempenda mwanamume mwenzake, na babake mhubiri na mkulima huko magharibi ya Kenya. Bodi ya Filamu iliipiga marufuku Septemba 2021, kwa hiyo wengi wanaijua kwa marufuku kuliko kwa maudhui. Ni hasara, kwa sababu ndani yake kuna kitu adimu: baba Mkenya anayesema. Anasema anachotarajia, anachoogopa, anachoshindwa kukimeza. Unaweza kukasirika naye. Lakini huwezi kumgeuza mzigo, kwa sababu ana mdomo. Mwana naye anasikiliza hata pale ambapo kusikiliza kunamuumiza. Weka filamu hizo mbili kando kando na utaona: Abila anamwokoa babake asiyemsikia akisema, na Samuel anamsikia babake ambaye hawezi kumwokoa. Ningependa siku moja tuone iliyo na yote mawili.

Kuna njia nyingine ambayo hadithi zetu zimezoea, nayo ni kuondoka. Mwas wa Nairobi Half Life anauza DVD kijijini kwa kuziigiza mbele ya wateja, kisha anapanda basi kuja mjini, na hajapata hata kuzizoea taa za barabarani, wamemwibia. Ile picha ya kijana mgeni katikati ya jiji, mikono mitupu, ndiyo iliyotambulisha sinema yetu kwa watu wengi. Tunaipenda kwa sababu inatuambia kwamba kijana huanza pale anapoacha nyumbani. Soul Boy inasema kinyume, na kwa hilo naipa heshima yangu yote. Abila haondoki. Kila mahali anapokwenda, hata Karen, anakwenda ili arudi pale kwenye kona. Sina filamu nyingine ya Nairobi kichwani ambayo inamchukulia kijana anayebaki kama shujaa.

Neno roho lenyewe linasaidia hapa kuliko lile la Kiingereza kwenye jina la filamu. Kwa Kiswahili roho haikai mbinguni. Mtu ana roho nzuri akikupa nauli. Ana roho mbaya akikunyima maji. Roho inakaa juu ukisubiri matokeo, na roho ikitaka kitu, inataka kweli, hadi mtu anauza kitanda. Kwa maana hiyo babake Abila hakudanganywa na mashetani ya ajabu. Roho yake ilitaka kitu. Ilikuwa inafaa tuambiwe ni nini, kwa sababu huenda kilikuwa kitu kidogo na cha halali, kama cha watu wengi.

Sitakuambia filamu inavyoisha. Nitakuambia tu kwamba inaisha mapema kidogo kuliko nilivyotaka, na nilibaki nikiitazama skrini nyeusi huku mzee akivaa sweta. Nilikuwa na sentensi moja mdomoni, nayo haikutoka. Ilitoka siku mbili baadaye, nilipomsindikiza kazini jioni kupitia ile njia ya kutokea Lavington. Sikumwomba msamaha, huo alishanipa kwa miezi saba. Nilimwambia nilichokuwa nakitafuta kule Tom Mboya. Ilichukua kama dakika tano. Alisikiliza, akasema "Haya," kisha akasema nirudi nyumbani kabla giza halijaingia sana.

Itafute Soul Boy. Ina kasoro niliyoisema na ina uzuri ambao wengi waliokuja baada yake, wakiwa na pesa zaidi na dakika zaidi, hawajaufikia. Itazame na mtu wa nyumbani ikiwezekana, na msipunguze sauti wakati wa Karen.

Asubuhi yake mzee aliniomba nimwandikie jina la ile filamu kwa karatasi, anataka kumwonyesha mwenzake wa getini. Nikaandika. Akaisoma pale mlangoni, herufi moja moja, akanirudishia macho.

"Boy?" akasema. "Si roho ni ya mzee?"